Basi Linaloinama Usiku: Jinsi ya Kutafuta Mahali Panapovuja Upepo

SOMO LA REDIO KWA WATU WAZIMA

Maneno ya kusoma kabla ya somo. Yasome kwa sauti mara mbili.

Upepo: hewa iliyoshindiliwa kwa nguvu ndani ya tangi.
Kompresa: mashine inayoshindilia hewa. Huzungushwa na injini.
Mfuko wa upepo: mfuko wa mpira mnene unaobeba basi badala ya springi za chuma.
Valvu: mlango mdogo wa kuruhusu upepo upite au kuuzuia.
Geji: saa yenye sindano, inayoonyesha nguvu ya upepo.
Kuvuja: kutoka kidogo kidogo mahali pasipotakiwa.

Wewe ambaye hukupata kusikia somo hili redioni, keti na ukurasa huu, usome polepole. Ukikwama kwenye neno, rudi juu ulitazame.

Leo tutazungumza habari ya basi. Labda wewe si dereva wala fundi. Usifunge kitabu. Huenda u abiria, na abiria naye ana roho yake.

Bila shaka umepata kuliona jambo hili. Jioni basi limefika stendi, limesimama sawasawa. Asubuhi unakuja na mzigo wako, unalikuta limelala upande mmoja kama punda mwenye mguu mbovu. Utingo anakuambia, "Usijali, mama, limelala tu. Likiwashwa litaamka."

Ni kweli, litaamka. Injini itanguruma, kompresa itajaza upepo, na basi litainuka. Lakini kuamka si kupona. Mahali fulani upepo unatoka. Leo ni kidogo, kesho kitakuwa kikubwa, na wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi somo letu ni hili: upepo unatokea wapi, na mtu mwenye daftari, kalamu na kipande cha sabuni atapajuaje?

Jinsi upepo unavyobeba basi

Zamani karibu mabasi yote yalikaa juu ya springi za chuma. Huko Marekani, kampuni ya General Motors ilianza kuuza mabasi ya safari ndefu yenye mifuko ya upepo mwaka 1953. Mabasi yale yalipozeeka, watu wengine waliyanunua, wakatia vitanda na majiko ndani, wakayafanya nyumba za kutembea nazo. Hata leo, huko Marekani na Ulaya, mwenye nyumba kubwa ya magurudumu huamka akaona kitanda chake kimeinama, akatafuta ugonjwa ule ule tunaoutafuta sisi hapa. Kwetu Afrika Mashariki mifuko hiyo tunayo katika mabasi mengi makubwa ya mikoani.

Fuata njia ya upepo pamoja nami. Injini huzungusha kompresa. Kompresa huvuta hewa na kuishindilia. Hewa hupita katika chombo cha kuikausha, kwa maana maji yakiingia hula chuma kwa kutu na kuharibu valvu. Kisha huingia katika matangi. Kutoka matangini njia zinagawanyika: njia nyingine huenda kwenye breki, nyingine huenda kwenye mifuko inayobeba basi.

Basi la ekseli mbili mara nyingi lina mifuko 2 mbele na 4 nyuma. Mara nyingi pia lina valvu 3 za usawa: moja mbele, na mbili nyuma, kushoto na kulia. Valvu ya usawa imefungwa kwenye chasisi, nayo ina mkono mdogo ulioungwa na ekseli. Abiria wakiingia, basi hushuka, mkono huinuka, valvu hufunguka na kuongeza upepo. Abiria wakitoka, basi hupanda, mkono hushuka, valvu hutoa upepo nje. Mkono ukiwa katikati, valvu hufunga, haiingizi wala haitoi. Mabasi mengine ya siku hizi yana kompyuta inayofanya kazi ya mkono huo, lakini mifuko, mabomba na viungo ni vile vile, na tundu ni tundu.

Sasa tazama geji. Geji nyingine huhesabu kwa ba, nyingine kwa paundi. Ba 1 ni sawa na paundi 14 na nusu hivi. Tangi likiwa na ba 9, kila sentimita moja ya mraba ya ukuta wake inasukumwa kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 9. Kwa hiyo usicheze na upepo huo. Usiuelekeze machoni wala kwenye ngozi, na usifungue kiungo chochote kabla ya kuutoa upepo uliomo.

Neno kubwa kuliko yote

Kabla ya kuendelea, simama hapa. Soma maneno haya taratibu, kisha umsomee na mwenzako:

Usiingie chini ya basi linalobebwa na upepo peke yake.

Basi kubwa lililojaa laweza kuwa na uzito wa tani 15 na zaidi. Mfuko ukipasuka, au bomba likichomoka, au mtu akiusukuma mkono wa valvu, basi hushuka mara moja. Halikuambii "tafadhali jitoe." Nafasi uliyokuwa umelala kifudifudi inakwisha.

Jeki peke yake pia haitoshi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Lipeleke basi mahali pagumu na tambarare. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Inua, kisha weka stendi za chuma zenye nguvu chini ya chasisi, mahali palipoonyeshwa katika kitabu cha gari. Toa ufunguo wa gari, uutie mfukoni mwako. Mwambie kila mtu aliye karibu kwamba kuna mtu chini. Kama gereji haina stendi, kazi ya chini ya basi haifanyiki siku hiyo. Bosi akikasirika, na akasirike. Hasira yake itapoa.

Kazi ya kwanza: daftari

Mafundi wengi wakiona basi limeinama huanza na spana. Sisi tutaanza na kalamu.

Jioni, abiria wakiisha kushuka, washa injini mpaka matangi yajae. Utasikia "pshhh" moja kubwa chini ya basi. Usishtuke, hiyo si kuvuja. Ni chombo cha kukaushia hewa kinachotema maji yake baada ya matangi kujaa. Kikitema mara moja na kunyamaza, ni kizima. Kikiendelea kupumua hata baada ya injini kuzimwa, kiandike katika daftari, kwa maana yumkini uchafu umeizuia valvu yake isifunge.

Sasa zima injini. Chukua futi kamba. Katika kila pembe ya basi pima kutoka sakafuni mpaka ukingo wa bodi ulio juu ya gurudumu. Andika. Soma geji, andika. Rudi baada ya saa tatu, pima tena. Rudi asubuhi kabla injini haijawashwa, pima mara ya tatu.

Mtu asilale ndani ya basi usiku huo. Utingo akilala kiti cha nyuma, mizani inabadilika. Kama hana mahali pengine pa kulala, basi andika, "Utingo amelala nyuma kulia."

Hebu tusome daftari la mfano. Tuseme hili ni basi linalolala Mbeya.

Saa 12 jioni. Geji: 9. Mbele kushoto: sm 74. Mbele kulia: sm 74. Nyuma kushoto: sm 76. Nyuma kulia: sm 76.

Saa 3 usiku. Geji: 6. Mbele kushoto: sm 74. Mbele kulia: sm 74. Nyuma kushoto: sm 76. Nyuma kulia: sm 76.

Saa 12 asubuhi. Geji: 4. Mbele kushoto: sm 74. Mbele kulia: sm 73. Nyuma kushoto: sm 76. Nyuma kulia: sm 67.

Unaona nini? Saa 3 usiku basi bado limesimama sawa. Mtu aliyelitazama kwa macho tu angesema halina ugonjwa. Lakini geji imekwisha kushuka kutoka 9 mpaka 6. Upepo umekwenda wapi? Mfuko unaovuja hushuka kidogo, mkono wa valvu huinuka, na tangi humwaga upepo kuujaza tena mfuko. Hivyo tangi huulisha mfuko mgonjwa kimya kimya, kama mama anayemgawia mtoto chakula chake mwenyewe. Tangi likiisha nguvu, ndipo basi linapoinama na watu wote kuona.

Je, kila kushuka kwa geji ni kuvuja? Hapana. Hewa ikipoa, nguvu yake hupungua hata kama hakuna tundu. Jioni kukiwa na joto la nyuzi 30, na alfajiri nyuzi 15, geji iliyokuwa kwenye 9 yaweza kushuka mpaka 8 na nusu hivi kwa sababu ya baridi tu. Lakini baridi haishushi 9 ikawa 4, wala haiinamishi pembe moja na kuziacha tatu.

Kusoma dalili

Daftari likiisha kujaa, soma dalili hivi.

Pembe moja ya nyuma ikishuka, tafuta katika pembe hiyo tu: mifuko yake, mabomba yake, viungo vyake, na valvu yake.

Mbele ikishuka yote, kushoto na kulia kwa pamoja, kumbuka kuwa mifuko miwili ya mbele mara nyingi ina valvu moja. Anza na valvu hiyo na bomba linalogawanya upepo, kisha uangalie mifuko yote miwili.

Geji ikishuka sana lakini basi halikuinama hata baada ya usiku mzima, yumkini kuvuja kuko upande wa matangi: katika tangi lenyewe, valvu ya kutolea maji, chombo cha kukaushia, au viungo vya njia kuu.

Geji ya breki ikishuka, hilo si jambo la kungoja. Katika mabasi mengi kuna valvu ya ulinzi inayofunga njia ya mifuko ili breki zisinyang'anywe upepo wake. Lakini valvu ya ulinzi nayo ni kitu cha chuma na mpira, na kila kitu cha chuma na mpira huchakaa. Taa au king'ora cha upepo mdogo kikilia, basi halitoki stendi, na likiwa njiani dereva atafute mahali salama asimame. Usiseme, "Tutajaza upepo mbele ya safari." Mlimani hakuna mbele ya safari bila breki.

Kazi ya pili: sikio na sabuni

Katika mfano wetu pembe mbaya ni ya nyuma kulia. Tuseme mwenye basi amekwisha kununua mfuko mpya wa pembe hiyo mwezi uliopita, kwa fedha nyingi. Fundi wa kwanza aliona basi limeinama, akasema, "Mfuko umekufa." Mfuko ukabadilishwa, na basi likainama tena. Sasa fundi anataka kuleta mfuko wa pili. Ngoja kwanza, tusikilize.

Jaza matangi, zima injini. Zima na redio, maana hata sisi tunaosema nawe leo tutakusumbua. Sikiliza. Tundu kubwa hulia "ssss." Chukua kipande cha bomba la mpira, shika ncha moja karibu na sikio, na ncha nyingine uipitishe taratibu karibu na viungo. Usiweke mkono wala uso karibu na mfuko uliojaa.

Kisha sabuni. Tia sabuni ya maji kijiko kimoja katika kikombe cha maji, au kwangua sabuni ya mche na kuikoroga. Kwanza osha matope kwa maji matupu, kwa kuwa matope huziba tundu dogo kwa muda na kukudanganya. Kisha paka povu kwa brashi laini ya rangi. Paka sehemu moja, ngoja dakika moja, tazama kwa tochi. Ndipo uende sehemu ya pili.

Tundu la kawaida hutoa mapovu makubwa mara moja. Tundu dogo sana halina haraka, hutengeneza povu jeupe zito, kidogo kidogo, kama maziwa yanayoanza kuchemka. Tundu kubwa mno hupeperusha sabuni yote na huoni povu lolote. Kwa hiyo mahali panaposikika sauti lakini hapana povu, usiseme ni pazima.

Paka kwa mpango. Anza na mifuko. Mpira wa mfuko hujikunja chini, na mikunjo ndiyo hupasuka kwanza. Utazame basi likiwa juu ya stendi na mfuko umenyooka, maana mfuko uliolala huficha nyufa zake. Angalia pia mahali mawe na matope yanaposugua. Baada ya mifuko, paka kila kiungo cha bomba. Mwisho paka tundu la valvu ya usawa linalotolea upepo nje. Basi likiwa limetulia katika kimo chake, tundu hilo linyamaze. Likipuliza bila kukoma, huenda valvu imechakaa ndani, au mkono wake umepinda. Lakini hapo kuna hila moja: valvu hutoa upepo pia ikidhani basi limepanda mno. Kwa hiyo tazama mkono kabla ya kuilaumu valvu. Na usiusogeze mkono huo mtu akiwa chini.

Katika mfano wetu mapovu hayakutoka kwenye mfuko mpya. Yalitoka juu yake, kwenye kiungo cha bomba la nailoni. Bomba lilipochomolewa na kufupishwa mwezi uliopita, lilikatwa kwa kisu, likakatwa mshazari. Ncha yake haikukaa sawa juu ya pete ya mpira iliyo ndani ya kiungo. Dawa yake ni kutoa upepo wote wa pembe ile, kukata ncha upya iwe mraba, kusafisha, kutia pete mpya, na kulisukuma bomba mpaka mwisho. Kama bomba limekuwa fupi na linavutika, liwekwe jipya.

Tazama gharama zake: pete ya mpira na kipande cha bomba. Mfuko wa kwanza ulinunuliwa kabla ya kuujua ugonjwa. Mfuko wa pili ungenunuliwa vivyo hivyo, na basi lingeinama vile vile.

Ukimaliza, osha sabuni yote kwa maji safi, kwa kuwa sabuni nyingine hula chuma ikikaukia hapo. Kisha rudia daftari usiku huo huo. Kazi haijaisha fundi aliposema "tayari." Imeisha asubuhi, sentimita zikiwa zile zile za jioni.

Kwa nini tusipuuze

Msomaji mmoja atasema, "Kama kompresa inajaza, kuna hasara gani?" Hasara ziko tatu. Kwanza, kompresa isiyopumzika huchemka, hupitisha mafuta pamoja na hewa, na mafuta hayo huharibu chombo cha kukaushia na valvu. Pili, upepo ukiisha kabisa, breki za springi hujifunga, na basi halisogei. Abiria wako wa saa 12 asubuhi watakaa juu ya mizigo yao mpaka saa 2. Tatu, kiungo kinachovuja kidogo stendi chaweza kuchomoka kabisa barabarani, basi likiwa limejaa watu.

Nakukumbusha pia kwamba huko nyuma kidogo hukuweza kusoma "sm 67." Leo umesoma mistari mitatu ya namba, na mistari hiyo imekuonyesha pembe yenye ugonjwa kabla hujagusa spana. Kwa hiyo kalamu nayo iwekwe katika sanduku la vifaa.

MASWALI. Jibu katika daftari lako.

1. Kwa nini saa 3 usiku basi la mfano lilikuwa bado halijainama?
2. Sindano ilishuka kutoka 9 mpaka 4. Ilishuka kwa kiasi gani?
3. Pembe ya nyuma kulia ilishuka sentimita ngapi kati ya jioni na asubuhi?
4. Umesikia sauti ya "ssss" lakini sabuni haitoi povu. Utasema nini?
5. Andika kwa mkono wako, kwa herufi kubwa, neno kubwa kuliko yote katika somo hili. Kama unafanya kazi gereji, libandike ukutani mahali kila mtu atakapoliona.

Somo limekwisha. Kwa herini mpaka juma lijalo.